Kiima cha Watu Wawili

Sikuwa nimemaliza hata mwezi wa kustaafu, mwalimu Neema, aliyerithi darasa langu la tano kule Kabwe, akanipigia simu. Alinipa shikamoo, akaniuliza habari za mapumziko, akauliza na mahindi yangu yanaendeleaje. Nikajua hajapiga kwa ajili ya mahindi. Mwisho akasema alichopigia: amewaandikia watoto sentensi yenye watu wawili kwenye kiima, nao wamepigia mstari mtu mmoja. Wengine wamemwambia kiima ni neno la kwanza kwenye sentensi, basi. Akataka kujua mimi nilikuwa nafanyaje.

Nilimwambia nitamwandikia. Nilidhani ningeandika nusu ukurasa. Lakini mstaafu hana kengele ya kumkatisha, kwa hiyo nimeandika haya, na nyote mnaobaki na chaki mkononi mnaweza kuyasoma. Habari za vyeo sitaziandika, kwa sababu sikupata vingi. Za mishahara mnazijua wenyewe.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa maeneo ya Mpui. Nilifika juu ya lori lililokuwa linakwenda kuchukua mahindi, nimekaa kwenye magunia matupu, nimevaa gauni la chuo na viatu vyenye kisigino. Mwalimu mkuu alikuwa Mwalimu Desderi, mtu mrefu, mkimya, mwenye koti moja la sufu ambalo alilivaa mwaka mzima. Alinipokea barabarani, akavitazama viatu vyangu, akasema mvua zikianza nitanunua vingine. Zilianza wiki ileile.

Nilipewa darasa la nne, somo la Kiswahili. Mimi ni Mfipa wa Sumbawanga mjini, Kifipa nilikipata kwa bibi, kwa hiyo nilielewa mara moja hali ya watoto wale. Kiswahili walikivaa kama sare. Asubuhi wanakivaa, mchana wanakivua njiani kabla hawajafika nyumbani. Sikuwalaumu. Hata mimi nikikasirika sana, hasira haitoki kwa Kiswahili.

Nilikuwa na andalio la somo zuri mno, wino wa rangi mbili, mistari imepigwa kwa rula. Nikawafundisha kwamba kiima ni sehemu ya sentensi inayomtaja mtenda, na kiarifu ni sehemu inayoeleza kilichotendwa. Wakakariri kwa pamoja, vizuri kuliko kwaya ya parokia. Kisha nikaandika ubaoni: Mama na dada wanatwanga mahindi. Nikauliza kiima ni kipi.

Darasa zima likajibu kuwa kiima ni mama.

Nikauliza, na dada je? Msichana mmoja anaitwa Skola akasimama, akafunga mikono nyuma, akanieleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni njia.

"Dada anamsaidia tu, mwalimu."

Darasa likakubaliana naye. Nilirudia maelezo. Nao wakayarudia, neno kwa neno, kisha wakapiga mstari chini ya mama. Walinieleza kuwa mahindi ni ya mama, kinu ni cha mama, na aliyesema leo tutwange ni mama. Dada amekuta kazi imeshaanza. Kengele ilipolia nilikuwa nimechoka, na dada bado anasaidia tu.

Mwalimu Desderi alikuwa amesimama nje ya dirisha muda wote. Dirisha lenyewe lilikuwa uwazi tu usio na kioo, kwa hiyo alisikia kila kitu. Hakunikemea. Wakati wa chai aliniambia maneno machache ambayo yamenilisha kazini mpaka nimestaafu: "Umewafundisha maneno. Wao wanajua watu. Kesho anza na watu."

Kesho yake akaingia nami darasani. Madawati yetu yalikuwa ya mninga, yametengenezwa na fundi ambaye nadhani alitarajia tembo wangeyakalia. Akamwita Skola mbele, akamwambia ainue dawati. Skola akainua kwa nguvu zake zote; upande mmoja ukanyanyuka kidogo, ukarudi chini. Akamwita na Frida, jirani yake. Wawili wakaliinua, wakalipeleka mpaka mlangoni, wakalitua.

Mwalimu Desderi akauliza nani wamebeba dawati. Darasa likasema Skola na Frida. Akamgeukia Skola, akamuuliza kama Frida alikuwa anasaidia tu.

Skola alikuwa bado anahema. Alilitazama dawati, akamtazama Frida.

"Hapana, mwalimu. Bila Frida lisingeinuka."

"Basi wote wawili ni kiima," akasema, akaenda zake ofisini. Hakurudi tena kunifundisha somo hilo. Hakuwa na haja.

Kuanzia hapo sikufundisha kiima cha watu wawili bila kubebesha watoto kitu kizito. Neema, anzia hapo. Kisha wageuze kwenye kitenzi. Skola angebeba peke yake, tungesema amebeba. Wamebeba wawili, tunasema wamebeba. Kile kisilabi kidogo mwanzoni mwa kitenzi ndicho kinachohesabu watu, na hakikosei hesabu, tofauti na sisi tunaoandika mahudhurio. Mtoto akishajua kukitazama, hatakuambia tena kiima ni neno la kwanza.

Watoto wa wakulima hawakubali jambo kirahisi, na hilo ndilo lililonifanya niipende Mpui. Kulikuwa na mvulana mmoja, Oswald, aliyeandika: Baba na plau wanalima. Wenzake wakamcheka, wakasema plau siyo mtu. Oswald hakutikisika. Alisema siku plau ikivunjika baba yake halimi, anakaa nyumbani na kuwasumbua, kwa hiyo plau nayo inalima. Kwa kweli alikuwa ameufuata mfano wa dawati mpaka mwisho, kuliko nilivyotaka. Nilimwambia kama plau inalima, basi jioni mama yake aipakulie ugali. Akafikiri, akasema baba analima kwa plau. Lakini alinitazama kwa namna ya kunionyesha kuwa amekubali kwa sababu mimi ni mwalimu.

Vifaa tulivitengeneza wenyewe. Ubao tuliupaka weusi wa betri zilizokwisha, tukasugulia na majani ya maboga, na tulijipaka na sisi wenyewe. Kadi za maneno nilikata kwenye maboksi ya sabuni. Nilitengeneza kadi nyingi za majina, kadi nyingi za vitenzi, na kadi moja kubwa kuliko zote iliyoandikwa NA. Kila mwaka kadi hiyo ndiyo iliyochakaa kwanza.

Baadaye nikahamishiwa Sumbawanga mjini, nikakaa huko sehemu kubwa ya utumishi wangu. Shule za mjini zina watoto wengi, na asubuhi za Juni zina upepo ambao unaingia darasani bila kupiga hodi. Walimu wapya kutoka pwani walikuwa wanafika wakiwa wameshasimuliwa mambo ya kutisha kuhusu uchawi wa mji wetu. Kilichowapata ni baridi tu. Tuliwaonyesha wanakouza masweta, wakapona.

Watoto wa mjini walijua Kiswahili, tena walijua na kile cha vijana wa bodaboda, ambacho nilikikataza darasani na kukisikiliza kwa makini dirishani. Kwao watu wawili kwenye kiima halikuwa jambo gumu. "Mimi na mshikaji wangu tumefaulu," walisema, na hawakusahau mshikaji. Tatizo lao lilikuwa upande wa pili, kiarifu chenye vitendo vingi. Waliona kila kitendo lazima kiwe na mtu wake mpya. Kwa hiyo insha zao zilikuwa hivi: Mama aliamka. Mama aliwasha moto. Mama alipika uji. Mama alituamsha. Ukisoma unadhani nyumba hiyo ina mama wanne.

Aliyenitolea kazi hiyo mabegani ni mtoto anaitwa Nassoro. Baba yake alikuwa na mabasi na duka la vipuri karibu na stendi, na Nassoro alikuwa amekulia kati ya matairi. Alikuwa mzito wa kuandika, lakini siku moja alichelewa shule nikamtaka aeleze sababu. Akasimama mlangoni akasema kwamba gari la baba lilitoka Mbeya, likapasuka tairi, likashusha abiria, likalala Laela, likaingia alfajiri, likawaamsha wote nyumbani. Alisema kwa pumzi moja.

Nilimwambia arudie, nikaandika ubaoni. Kisha nikawauliza watoto ni magari mangapi. Wakasema moja. Limefanya mambo mangapi? Wakahesabu kwa vidole. Nikawaambia hicho ndicho kiima kimoja chenye vitendo vingi: gari moja, mizigo mingi. Siyo lazima ushushe mzigo mmoja, urudi gereji, uje na gari lingine kwa mzigo wa pili. Ile ka ndiyo kamba inayofunga mzigo na mzigo. Nassoro akapewa kazi ya kukagua sentensi za wenzake, na aliikagua kama kondakta anavyokagua tiketi. Mtu akiandika mama mara nne, Nassoro anamwambia ashushe mama watatu.

Nisiwafiche, si kila swali nililiweza. Msichana mmoja wa darasa la sita aliniuliza kama ni sahihi kusema ugali na kuku wameliwa au vimeliwa, kwa sababu kuku ana uhai na ugali hauna, na kuku mwenyewe hapo hana uhai tena. Nikalipeleka ofisini wakati wa chai. Mmoja akasema wameliwa, kwa heshima ya kuku. Mwingine akasema vimeliwa, kwa sababu vyote ni chakula. Wakatoa vitabu, wakavutana, chai ikapoa. Mwalimu wa hesabu, ambaye hakuwa amesema neno, akafunua hotpoti, akatutangazia kuwa vimekwisha. Ndilo jibu nililorudi nalo darasani.

Miaka yangu ya mwisho nilipelekwa Kabwe, ziwani. Baadhi ya wenzangu walinipa pole kana kwamba nimeadhibiwa. Mume wangu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, watoto wameshajitegemea, na mimi niliona vema nikaone maji kabla sijastaafu. Unashuka kutoka uwandani, masikio yanaziba, joto linakupokea, na sweta lako la Sumbawanga unaona aibu kulibeba. Nililigawa wiki ya kwanza.

Watoto wa Kabwe walikuwa na Kiswahili chepesi, cha haraka, cha watu ambao mwalo wao hupokea mitumbwi ya watu wa kila kabila. Niliwabebesha madawati, wakabeba wakicheka. Watu wawili kwenye kiima wakaelewa siku hiyohiyo. Nikaanza kujisifu. Ndipo nikakutana na Zaituni.

Zaituni alikuwa msichana mwembamba wa darasa la tano, mtoto wa mwisho wa Bi Tatu, mjane anayekaanga samaki karibu na mwalo. Hakuwa mtundu. Kosa lake lilikuwa moja, kwamba hakukubali kukosa mpaka aelewe kwa nini. Nilikuwa nimetoa zoezi lenye sentensi hii: Asha alikwenda sokoni na Rehema. Zaituni akapigia mstari Asha na Rehema. Nikamkosesha. Akaja mezani na daftari.

"Mwalimu, Rehema hakwenda?"

Nikasema alikwenda.

"Sasa kwa nini umemwacha?"

Nikamwonyesha ile a ya alikwenda, nikamwambia kitenzi kimehesabu mtu mmoja. Rehema yupo, lakini yupo ndani ya kiarifu, ameandamana na Asha. Zaituni akaitazama sentensi, akasema inamwonea Rehema, kwa sababu jua lililompiga Asha njiani ndilo lilelile lililompiga Rehema. Nikakumbuka kuwa mshahara wangu haujumuishi kesi za namna hiyo, nikamwambia arudi akakae.

Lakini alikuwa amenionyesha penye shimo. Neno lenyewe lilikuwa ile na. Wiki ile nzima nikaifundisha. Niliwaambia hiyo na iko ya aina tatu, ila zote zinavaa nguo moja. Ya kwanza ni ya ndugu: Asha na Rehema wamekuja, wote sawa. Ya pili ni ya kuandamana: Asha amekuja na Rehema, Asha mbele na Rehema ubavuni. Ya tatu ni ya mtenda aliyewekwa nyuma: Asha ameitwa na Rehema, hapo Rehema ndiye aliyefungua mdomo. Kwa kila sentensi waliigiza mbele ya darasa, na anayekosea anarudia.

Zaituni akanyoosha mkono. Akauliza, mtu akisema Asha amekutwa na Rehema, hapo Rehema amemkuta Asha, au wamekutwa wote wawili?

Nilisoma sentensi kichwani mara mbili. Nikamjibu kwamba sentensi haisemi. Inabeba yote mawili, na dawa yake ni moja, kumuuliza aliyeisema. Watoto hawakufurahi. Mtoto anapenda mwalimu awe na jibu. Mimi mwenyewe nilirudi nyumbani nikijiuliza kama sijawachanganya bure, kwa jambo ambalo mtihani hauliulizi.

Jumamosi ya wiki hiyo niliteremka mwaloni asubuhi kununua samaki wa migebuka. Nikakuta watu wamekusanyika, na hakuna anayepigia kelele bei. Bi Tatu alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, khanga imefunika kichwa, Zaituni amesimama nyuma yake. Nikaambiwa kwamba Yusufu, kaka yake Zaituni, alikuwa amepeleka unga wa mahindi vijiji vya kaskazini kwa mtumbwi wa mashine, peke yake, na siku ya kurudi ilikuwa imepita. Katikati ya safari hiyo ulikuwa umepiga upepo mkali wa kusini. Mimi mwenyewe niliusikia ukigonga mabati ya nyumba yangu.

Mwenyekiti wa mwalo, Mzee Kasimu, alikuwa ameshapanga mitumbwi miwili ya kwenda kumtafuta. Mashine zimefungwa, madumu ya petroli yamepakiwa, vijana wanasubiri neno lake. Mara simu yake ikaita. Akaipokea, akaziba sikio la pili kwa kidole, akasema "Alo, alo, rudia." Kisha akaitoa sikioni akaitazama. Mtandao ulikuwa umekata.

Uso wake ukafunguka. Akatutangazia: "Amenipigia mtu wa huko kaskazini. Anasema mtumbwi umeonekana na Yusufu."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mtu akasema alhamdulillahi, watu wote wakaitikia. Bi Tatu akaanza kulia, na jirani yake akamkumbatia. Na mimi nilikuwa ninafurahi kama wengine, nisiseme uongo. Nilikuwa nimeshika mkono wa mtu nisiyemjua. Vijana wakaanza kushusha madumu.

Zaituni hakupiga kigelegele. Alizunguka ndoo ya mama yake, akaja akasimama mbele yangu, akafunga mikono nyuma kama tuko darasani.

"Mwalimu, aliyeonekana ni nani?"

Nilielewa kabla hajamaliza. Akaendelea, kwa sauti ya chini lakini wote walio karibu wakamsikia: kaka ameonekana pamoja na mtumbwi, au kuna Yusufu mwingine ameuona mtumbwi, na kaka hayumo?

Kelele zikapungua, kuanzia karibu yetu mpaka kule kwa wachuuzi. Mama mmoja akamgombeza, akasema mtoto huyu analeta nuksi kwenye heri. Bi Tatu akaondoa khanga usoni.

"Mwacheni," akasema. "Hata mimi nilitaka kuuliza. Niliogopa jibu."

Mzee Kasimu akanigeukia. Aliniheshimu, alikuwa na wajukuu wawili darasani kwangu. Akaniuliza mwalimu nasemaje. Macho yote yakanijia, na katika miaka yangu yote ya kusimama mbele ya watu sijawahi kutamani jibu kama siku ile. Nikasema nililolijua. Maneno yale yanabeba yote mawili. Aliyeyasema ndiye peke yake anayejua.

Mzee Kasimu akapiga namba ile. Haipatikani. Akapiga tena, haipatikani. Akauliza kama huko kaskazini kuna mtu anaitwa Yusufu. Nahodha mmoja, aliyekuwa ameshika dumu, akajibu polepole kwamba yupo mzee mmoja fundi wa nyavu, Yusufu, na mtumbwi wowote unaopita mbele ya kibanda chake lazima auone.

Mzee Kasimu aliitia simu mfukoni.

"Rudisheni petroli," akasema.

Mitumbwi ikaondoka. Sisi tukabaki. Niliketi mchangani karibu na Bi Tatu, na Zaituni akaja akaketi katikati yetu. Mama aliyemgombeza Zaituni akaleta uji kwenye kikombe, akampa, na Zaituni akaunywa. Nilikuwa nimefundisha kiima na kiarifu tangu ujana wangu na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja mtu angekaa ufukweni akisubiri kujua kaka yake yuko upande gani wa sentensi. Niliomba Mungu awe pamoja na mtumbwi. Kisha nikaona maombi yangu yenyewe yana na ya utata, nikayarudia kwa uangalifu.

Jua lilikuwa bado halijazama waliporudi. Tuliuona mtumbwi wa kwanza, na kijana amesimama mbele akipunga shati. Yusufu alikuwa amelala chini kati ya watu wawili, mguu umevunjika chini ya goti, midomo imepasuka, anatetemeka kwa homa. Wimbi lilikuwa limempindua. Unga wote ulikwenda na maji, naye aliogelea mpaka ufuko mdogo chini ya genge la mwamba, mahali ambapo hakuna njia wala nyumba, na mguu ukavunjika kwenye mawe wakati wa kutoka majini. Mtumbwi ulichukuliwa na upepo, mtupu, ukaenda kaskazini mpaka mbele ya kibanda cha fundi wa nyavu. Mzee yule aliuona, akaushika, akamwomba mtu atoe habari Kabwe. Habari ilikuwa sahihi kabisa. Mtumbwi ulikuwa umeonekana na Yusufu.

Nahodha aliniambia kando kwamba wangechelewa siku moja tu, wasingemkuta kijana hai. Bi Tatu alikuwa ameingia majini na nguo zake zote, ameshika kichwa cha mwanawe. Zaituni alimshika mkono kaka yake, akamuuliza kama ni yeye. Akasema ni yeye. Yusufu alipelekwa hospitali, akafungwa plasta, akapona. Hata leo anachechemea kidogo baridi ikiwapo, na Kabwe baridi haipo mara nyingi. Mimi nilirudi nyumbani bila migebuka.

Baada ya siku kadhaa mzee wa nyavu akauleta mtumbwi mwenyewe, ameufunga nyuma ya wake. Alikuwa mzee mfupi, mcheshi, na aliposimuliwa kilichotokea ucheshi ulimwisha. Alisema alimwambia yule mwenye simu aseme mzee Yusufu. Neno mzee lilikuwa limepotelea njiani. Bi Tatu akapika wali na samaki, na mimi nikaalikwa. Mzee na kijana walikula sinia moja, kijana amenyoosha mguu wake mweupe wa plasta, mzee akimchambulia miiba kana kwamba uliovunjika ni mkono.

Jumatatu iliyofuata nilitoa zoezi la kawaida: kila mtu aandike sentensi moja yenye watu wawili kwenye kiima. Nikamwita Zaituni ubaoni. Akaandika kwa mwandiko wake ulioinama: Yusufu na Yusufu wamekula wali nyumbani kwetu.

Jirani yake, Hamisi, akanyoosha mkono haraka, akasema Zaituni amekosea, amerudia jina.

"Sijarudia," Zaituni akamjibu bila kugeuka. "Huyu ni aliyeuona mtumbwi. Huyu ni kaka."

Darasa likanitazama, likisubiri hukumu. Nilichukua chaki, nikapiga mstari mmoja mrefu chini ya Yusufu wote wawili na ile na iliyo katikati yao. Kisha nikatoka nje kidogo, nikawaambia nakwenda kuchukua chaki nyingine, ingawa ile ya mkononi ilikuwa bado ndefu.